Kipande cha Ijumaa

6 Februari

Wifi,

Salamu nyingi. Natumaini mu wazima hapo kwenu. Nasikia mapacha wameanza kidato cha kwanza na mmoja ameshavunja mkono. Usiniambie ni yupi, nitakisia. Huku paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja ulipokuja mara ya mwisho. Mpangaji wa nyuma ameoa tena, mke wa tatu, na bado hajajifunza kufunga geti. Mimi mzima, ukiondoa haya yafuatayo.

Hatujaandikiana tangu msiba wa mama, miaka miwili na miezi minne. Sikuandikii leo kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu, katika watu wote ninaowajua, ni wewe tu ambaye kazi yako ni kutazama seli za saratani ya titi kutwa nzima, na mwandishi wa habari humfuata anayejua hata kama hampendi.

Mwezi uliopita nilikatwa titi la kushoto. Usinililie, na usiniletee maombi yaliyochapwa. Jeraha limefunga.

Karatasi ya majibu inasema hivi, nimenakili neno kwa neno: "Vipokezi vya estrojeni: hasi. Vipokezi vya projesteroni: chanya, dhaifu." Kisha sahihi, muhuri, na muhuri mwingine juu ya muhuri wa kwanza. Daktari wangu, kijana mwenye viatu vizuri, alizungumza na ukuta ulio nyuma yangu kwa dakika nne. Nilitazama saa. Aliuambia ukuta kwamba kwa kuwa estrojeni ni hasi, vidonge vya kuzuia homoni havitanifaa. Dripu za dawa kali za saratani zingefaa, ila moyo wangu umepanuka na hauwezi kuzihimili. "Kwa hiyo, mama, kwa sasa upumzike."

Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja nikiandika hukumu za watu. Hukumu naijua hata ikivaa koti jeupe.

Swali langu: hilo neno "hasi" maana yake nini hasa, na linaaminika kiasi gani? Jibu kwa barua. Simu ni mdomo usio na ushahidi. Kaka yangu asijue. Akijua, nitajua nani kamwambia.

Wifi Kalamu

17 Februari

Wifi Kalamu,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu mama yangu alinilea vizuri, si kwa sababu nyingine. Kaka yako mzima, anakohoa na anakataa kwamba anakohoa. Aliyevunjika mkono ni huyohuyo uliyemkisia. Alipanda ukuta wa shule kuingia, si kutoroka, kwa hiyo hata adhabu hatukujua tumpe ipi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikakaa. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nimemaliza, tuendelee.

Siku ya harusi yangu ulimwambia shangazi yenu, nami nikiwa hatua tatu nyuma yako, kwamba kaka yako "kaenda kuokota mwosha chupa." Ni kweli, nilianza kwa kuosha chupa za maabara. Ukiziosha vibaya seli hufa, na wakubwa huanza kutafuta mchawi. Kwa hiyo mwosha chupa atakueleza.

Seli nyingi za saratani ya titi huishi kwa kuamrishwa na homoni ya estrojeni. Ili amri isikike, lazima ndani ya seli pawe na kitu cha kuipokea. Hicho ndicho kipokezi. Vikiwemo, tunasema chanya, na kidonge huenda kukalia kiti cha homoni pale kwenye kipokezi, amri isifike. Visipokuwemo, unameza bure. Daktari wako wa viatu hakukosea hoja. Alikosea kuamini karatasi.

Soma tena mistari yako miwili. Kipokezi cha projesteroni hakichipui chenyewe kama uyoga. Kwa kawaida seli hukitengeneza kwa amri ya kipokezi cha estrojeni. Kimoja ni mama, kingine mtoto. Karatasi yako inasema mtoto yupo, dhaifu lakini yupo, ila mama hajawahi kuonekana. Huwa inatokea, mara chache mno. Mara nyingi zaidi maana yake ni kwamba kipimo kimeharibika, na aliyepaswa kushtuka alikuwa anatafuta muhuri wa pili.

Usidhani kwetu hatuna wapumbavu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa mkubwa wetu alitangaza amegundua dawa inayopunguza vipokezi. Seli alizozipa dawa alizilisha maji ya virutubisho yenye rangi nyekundu. Zile za kulinganishia, maji yasiyo na rangi. Rangi imewekwa kutuonyesha tu maji yanapoanza kuchachuka, lakini seli huiona kama homoni hafifu, na seli ikiona homoni hupunguza vipokezi vyake. Dawa yake ilikuwa rangi. Alikuwa ameshashona suti ya kwendea mkutano.

Nasema hivi ili uelewe: idadi ya vipokezi si kama namba ya kitambulisho. Hupanda na kushuka kulingana na ulivyoitendea seli. Sasa nataka kujua kipande chako walikitendea nini. Maswali matatu. Kilikatwa siku gani, saa ngapi? Kiliingia lini kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze? Na nani alikibeba kutoka wodini hadi maabara?

Kaka yako sijamwambia. Silipendi jambo hili.

Wifi yako

1 Machi

Wifi,

Salamu kwenu nyote. Kikohozi cha kaka yangu kitibiwe kabla hajakipa jina. Mke wa tatu wa mpangaji ameanza kufunga geti. Nadhani ndiye mwenye akili katika nyumba ile.

Nimefanya kazi uliyonipa. Mkuu wa maabara nimempa jina la Bwana Muhuri. Ofisi yake ina meza mbili, moja ya kazi na moja ya mihuri. Nilimwomba anionyeshe daftari la kupokelea vipande.

"Mama, majibu yakishatoka yametoka."

"Hata mkojo ukishatoka umetoka," nikamwambia, "na bado mnaupima."

Hakucheka. Mhudumu wake alicheka, akatolewa nje. Bwana Muhuri akasema daftari si la umma, akalifungua mwenyewe ili kunithibitishia kwamba kila kitu kiko sawa, akaligeuzia kwake. Kusoma maandishi yaliyopinduliwa ndicho kitu cha kwanza ambacho mahakama ilinifundisha. Kipande changu kilipokelewa Jumatatu, tarehe 15 Januari, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Kukatwa, nilikatwa Ijumaa tarehe 12, saa saba mchana. Hilo limeandikwa kwenye faili langu wodini, na muuguzi wa zamu, mama mnene asiyeogopa mtu, amelithibitisha. Nikamuuliza kipande kilikaa wapi siku zote hizo.

"Hapo juu ya kabati."

"Hapo dirishani?"

"Hapo hapo, dada. Ndani ya chupa."

"Chupa yenye nini?"

"Maji ya chumvi. Formalini ya wodi ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa harusini."

Maabara yenyewe ina mapipa ya formalini, nimeyaona kwa macho yangu. Iko jengo la pili, ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye goti bovu. Tarishi wa hospitali huondoka Ijumaa saa sita, na mwisho wa wiki hafanyi kazi.

Nieleze jambo moja. Nyama ni nyama. Kama vipokezi vilikuwamo Ijumaa, Jumatatu vilikwenda wapi? Sitaki mifano ya akina mama na watoto. Sijazaa, na mifano hiyo hunichosha.

Wifi Kalamu

9 Machi

Wifi Kalamu,

Shikamoo. Mapacha wanakusalimu bila kujua kwamba wanakusalimu. Nimekusalimia kwa niaba yao. Kaka yako ameona bahasha yako mezani, akaniuliza imetoka wapi. Nikasema ni watu wa bima. Huo ni uongo wangu wa kwanza katika ndoa ya miaka kumi na sita, nao nimeusema kwa ajili yako, mtu ambaye hata zawadi ya harusi ulileta sahani tano badala ya sita.

Siku tatu! Kwenye maji ya chumvi! Dirishani! Nyama ya kula wasingeiacha hapo hata saa moja.

Umekataa mifano ya akina mama, basi chukua ya ofisi. Seli hai ni ofisi inayoajiri na kufukuza bila kupumzika. Kipokezi kikishapokea estrojeni na kutoa amri zake, hutiwa alama, na baada ya saa chache husagwa. Kingine hutengenezwa kushika nafasi yake. Hivyo ndivyo kiwango kinavyodhibitiwa. Usifikirie ghala lililojaa. Fikiria foleni inayosogea. Kila Jumanne mimi huzinyima seli zangu homoni. Usagaji hupungua, vipokezi huongezeka, kama mtu aliyekosa habari na sasa ametega masikio yote. Alhamisi nazirudishia homoni, na kufikia Ijumaa vipokezi vimeshuka. Hii kazi nimeifanya miaka tisa. Naweza kuifanya nikiwa nimefumba macho, ila haturuhusiwi.

Sasa kata kipande, ukinyime damu. Kuajiri kunasimama. Kusaga kunaendelea kwa muda, kisha kuoza kunapokea zamu. Formalini ndiyo husimamisha kila kitu pale kilipo, kama picha. Wewe picha yako ilipigwa siku ya tatu, wafanyakazi wameshaondoka, na Bwana Muhuri akaandika kwamba ofisi haijawahi kuwa na mtu. Cha projesteroni kilibaki kidogo kwa sababu vitu haviozi vyote kwa mwendo mmoja.

Na hili ndilo linalonichoma zaidi. Ndani ya kipande hichohicho huwa kuna mirija ya titi iliyo mizima, isiyo na saratani. Baadhi ya seli zake lazima zishike rangi ya kipimo. Mtu aliyefundishwa kazi huitazama hiyo kwanza. Isiposhika, kipimo kimekufa, na maiti haitoi ushahidi. Yeye aliipigia muhuri.

Kwa hiyo "hasi" yako haina maana yoyote. Sijasema wewe ni chanya. Nimesema hatujui, na wao hawajui kwamba hawajui.

Kabla ya kukukata, walikutoboa kwa sindano nene kuchukua kijinyama chembamba? Kama ndiyo, lini, na kilitiwa ndani ya nini? Vipande hivyo hugandishwa kwenye nta na kuwekwa miaka. Kikipatikana, kitapimwa upya hapa, na daktari mwenye macho.

Swali la tatu hukulijibu.

Wifi yako

15 Machi

Wifi,

Salamu. Sahani ya sita ilivunjika njiani, na nilikuambia siku ileile.

Ndiyo, walinitoboa. Tarehe 20 Desemba, kliniki, asubuhi. Kijinyama kilitumbukizwa kwenye chupa ya formalini mbele ya macho yangu. Niliiona karatasi ya jina ikibandikwa. Nta yake ipo. Bwana Muhuri amekiri kwamba ipo, kisha akakiri kwamba hanipi.

"Nta hukabidhiwa jamaa aliyeandikwa kwenye fomu ya kulazwa. Mgonjwa mwenyewe haruhusiwi."

"Kwa nini?"

"Wagonjwa huzipoteza."

"Nyinyi mlikiacha dirishani siku tatu."

"Hiyo ni wodi, mama. Sisi ni maabara."

Nimeandikia uongozi wa hospitali kudai utaratibu huo ubadilishwe. Nasubiri.

Swali lako la tatu halihusu homoni. Usinihoji kama mshtakiwa. Hiyo kazi ni yangu.

Wifi Kalamu

20 Machi

Wifi,

Shikamoo. Wote wazima.

Linahusu. Kila Ijumaa nawaona watu wakipanda ngazi zetu na vifuko vya plastiki, chupa imefungwa kwa utepe wa gundi: mume, binti, jirani aliyeombwa. Wodi hukata, jamaa hubeba. Ndivyo kazi hii inavyokwenda, na ninyi hapo hamna utaratibu mwingine, maana tarishi wenu analala siku mbili. Kipande chako kingefika maabara kwa dakika kumi, kwenye mapipa uliyoyaona.

Ulimpa nani akibebe? Kwa nini hakukipeleka? Na kama kuna jamaa kwenye fomu, kwa nini asiende kuchukua nta kesho asubuhi badala ya wewe kungoja uongozi? Wakati unangoja, saratani haingoji barua.

Wifi yako

14 Aprili

Wifi,

Salamu kwenu. Nimechelewa. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kazi. Kila nilipoanza barua hii niliandika mambo ya geti.

Hakuna aliyebeba.

Siku ya kulazwa karani alinipa fomu. "Jamaa wa kuwasiliana naye." Nikaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake. Sikutaka kaka yangu aje kukaa kwenye benchi akinitazama kwa yale macho ya mama. Nawe sikutaka uje, kwa sababu ungekuwa unajua kuniliko. Baada ya upasuaji yule muuguzi aliniuliza tena, nami nikiwa bado na dawa ya usingizi kichwani: "Dada, hakuna hata mtu wa kuvusha chupa hii barabara?" Nikamwambia sina mtu. Nakumbuka nilisema kwa majivuno. Akaiweka juu ya kabati ingoje tarishi.

Harusi ya mtunza stoo niliiandika kwa furaha. Ile haikuwa sababu. Sababu ilikuwa fomu.

Nimeandika habari za watu waliouawa na uzembe kwa miaka thelathini na moja. Hii ningeipa aya mbili, na ningemtaja mzembe kwa jina.

Uongozi haukujibu barua yangu. Juzi nimekwenda kubadilisha fomu. Karani ananyoa kichwa kizima na kufuga ndevu, kama aliyevaa uso juu chini. Nikampa jina lako.

"Uhusiano?"

"Wifi."

"Wifi si jamaa wa karibu, mama. Wifi ni mtu wa kuja."

"Alikuja miaka kumi na sita iliyopita. Anahitaji miaka mingapi tena?"

"Fomu inataka damu."

"Damu ninayo mimi, na ndiyo iliyojaza fomu ya kwanza. Unaona ilivyoijaza. Andika wifi."

Ameandika. Njoo uchukue nta. Njoo peke yako. Lete kitambulisho, na usibishane na Bwana Muhuri, niachie mimi. Nataka kitu cha kufanya.

Wifi Kalamu

7 Mei

Wifi Kalamu,

Shikamoo. Nilifika salama. Asante kwa chai, ilikuwa mbaya. Hukunikumbatia, nami sikukukumbatia. Wewe ulikuwa na kovu, mimi nilikuwa na nta mkobani. Bwana Muhuri alinisainisha mahali panne, kisha akaniuliza kama najua ninachokibeba. Nilimwambia ndiyo, na kwamba tungekuwa wawili tunaojua kama angekuwapo mtu mwingine ofisini. Anafikiria mpaka leo.

Majibu haya hapa. Nimeyaweka mbele ya mengine yote kwa sababu nakujua, unaruka mistari.

Vipokezi vya estrojeni: chanya. Katika kila seli mia za saratani, themanini na tano zimeshika rangi, na imeshika kwa nguvu. Vya projesteroni: chanya pia, seli arobaini katika mia. Mirija mizima imeshika kama inavyopaswa, kwa hiyo kipimo ki hai. Mama yupo, mtoto yupo. Nisamehe mfano.

Mimi sikukigusa. Nilimpa daktari wetu bila kumwambia ni cha nani, nikasimama mlangoni. Aliinamia darubini, hakukaa hata dakika, akasema, "Hii mbona chanya tangu getini? Nani anauliza?" Nikasema kuna mtu anauliza. Amesaini. Karatasi rasmi imo ndani, muhuri mmoja. Mpelekee yule kijana wa viatu kesho. Kidonge kinakufaa, na wala si lazima moyo uwe wa farasi kukimeza. Miezi mitatu imepotea. Sijui imekugharimu nini. Hakuna anayejua, na atakayekuambia anajua usimwamini.

La pili. Kaka yako amejua. Sikumwambia. Alikuwa anatafuta cheti cha kliniki cha mtoto aliyevunjika mkono, akakuta barua zako ndani ya droo ya vitambaa. Amezisoma zote nne mezani, taratibu, kama anavyosoma mikataba. Nilimngoja apige kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Siku anaandika hakuna, mimi nilikuwa wapi?" Nikamwambia ulikuwa hapa, ulikuwa unaangalia mpira. Sikuwa na jibu lingine la kweli.

Anakuja Jumamosi. Nimemzuia kuja jana. Hilo ndilo nililoweza.

Wifi yako

22 Mei

Wifi,

Salamu kwenu, nawe hasa. Kaka yangu yupo hapa tangu Jumamosi ile. Amelia mara moja, chooni, akidhani kuta ni nene. Nimemwacha. Kikohozi chake ni kibaya kuliko ulivyosema. Amekubali kupimwa baada ya mimi kumuuliza kama familia hii ina ugonjwa mwingine wa kufichana.

Daktari wa viatu alisoma karatasi yenu mara mbili, kisha akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Ana macho mazuri, kumbe. Alisema, "Samahani, mama," bila kuzunguka, na katika hospitali nzima ndiye peke yake aliyelitamka neno hilo. Bwana Muhuri yeye amenipa msimamo wake kwa maandishi: majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa wakati wake. Karatasi hiyo nimeihifadhi. Katika maisha yangu ya kazi nimewasikia wezi wakijitetea vizuri zaidi.

Muuguzi mnene amenifungulia daftari la wodi, wazi, upande wangu. Tangu mwaka jana, ukiniondoa mimi, wanawake tisa walikatwa Ijumaa wakapokelewa maabara Jumatatu. Saba kati yao wameandikiwa hasi. Watatu nimewapata kwa miguu yangu. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mtu wa kanisa. Nilimwambia hapana, mimi ni mtu wa nta, na nikamweleza vipokezi kwa mfano wako wa ofisi, vibaya, lakini aliuelewa. Wiki ijayo jamaa wa wote watatu watasaini kuchukua nta. Daktari wenu mwenye macho aandae nafasi. Nimewaahidi kwa niaba yako bila kukuuliza. Wawili waliosalia kati ya hao saba wamehama, bado nawatafuta, na wengine wawili familia zao zimeniambia nimechelewa. Majina ya wote saba nimeyaandika. Hii itakuwa zaidi ya aya mbili, na nitaanza na fomu yangu mwenyewe.

Kidonge cha kwanza nilikimeza jana saa mbili asubuhi, kwa maji. Ni kidogo, cheupe, hakina ladha. Nilikaa nikingoja. Saa tatu hakuna kilichotokea. Saa nne hakuna kilichotokea. Kaka yangu alikuwa ameketi mbele yangu, mikono magotini, ananitazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke, mpaka nikamtuma dukani kununua kitu ambacho tunacho.

Leo nimemeza cha pili. Daktari anasema ni kila siku, saa ileile, kwa miaka mitano. Maswali nitakuwa nayo, na yule kijana ni mwema lakini hajui kitu chochote ambacho hakijaandikwa kwenye boksi. Kwa hiyo jiandae, wifi. Miaka mitano. Sina mwingine wa kumsumbua kwa muda wote huo, na wala simtafuti.

Wifi yako